Ndovu wa Kisingizio

Simu ya mkononi imetuwezesha sisi watu wa Voi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mtu yuko kwake mtaa wa Sikujua, taulo kiunoni, anatafuta soksi, na papo hapo "niko hapa Mwatate, napandisha Wundanyi sasa." Anayeambiwa hakasiriki. Anayakata maneno hayo bei kama ya muuza mitumba, kisha anaendelea kumenya viazi. Makanga naye anapiga kelele stejini, "Wa mwisho, twende!" na ndani ya gari yuko nyanya mmoja na kuku wake. Mimi huo siuiti uongo. Ni adabu, maana kumwambia anayekusubiri kwamba hata hujaoga ni kumtukana.

Lakini uongo ulio bora katika kaunti hii una mkonga. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo, na sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Kwa hivyo mwanafunzi akichelewa shule, ni ndovu. Fundi asipoleta kabati, ni ndovu. Mume akiingia alfajiri ananuka pombe ya mbangara, ni ndovu hao hao, na inaelekea walikuwa wanapita karibu na kilabu.

Hata wageni hunogewa na hadithi wakifika kwetu. Kanali Patterson, aliyewaua simba wawili wa daraja la reli la Tsavo mwaka 1898, alikuja kudai kwamba walikula watu 135. Wenye reli walihesabu wafanyakazi 28. Wanasayansi waliochunguza mifupa na nywele za simba hao, walioko makumbusho ya Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa ni kama 35. Wale 100 waliobaki, nadhani, waliliwa na kalamu.

Basi juzi natoka Taveta na mikungu ya ndizi, nasubiriwa Wundanyi kwa shangazi, wakwe wako njiani. Kabla ya Maktau dereva akazima injini. Ndovu, wekundu kwa vumbi, wamejaa lami nzima, na mama yao mmoja ametugeuzia makalio kama karani wa saa saba mchana. Nikapiga simu.

"Shangazi, ndovu wamefunga barabara."

"Wewe nawe! Hata uongo mpya huna?" Akakata.

Makanga, mzoefu wa mambo haya, akaninong'oneza: "Sema pancha, boss."

Nikapiga tena. "Shangazi, ukweli ni kwamba tumepata pancha."

"Woi, pole mwanangu! Si ungesema tangu mwanzo?"

Ubaya wa uongo unaoaminika ni kwamba watu hukusaidia. Shangazi alimtuma kijana wa bodaboda kutoka Bura, na punde tukamwona ng'ambo ya mikonga, amesimama mbali, pampu imefungwa nyuma ya pikipiki. Ndovu walipochoka nasi wakaondoka, kijana akaja, akazikagua tairi zote nne, akanikagua na mimi. Kisha akampigia shangazi na kuweka spika, apate mashahidi.

"Mama, hili gari halina pancha. Ni ndovu walikuwa wamefunga barabara."

Kimya kidogo.

"Kijana," shangazi akauliza, "amekupa ngapi?"