Jinsi ya Kurudiana na Chai za Kichina Zisizo za Kawaida

Kwanza, usitangaze. Mtu aliyezipa kisogo chai hizi kwa miaka, akatosheka na majani ya pakiti na sukari vijiko vitatu, harudi kwa vigelegele. Hurudi kimyakimya, kama anayerudiana na mtalaka wake huku mashangazi wangali hai.

Anza na pu'er iliyopikwa, kutoka Yunnan. Huuzwa ikiwa imeshindiliwa mfano wa mkate bapa wa gramu 357, na mikate saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. Muuzaji atakuambia saba ndiyo desturi. Mwitikie kwa adabu, ulipie mmoja. Chomeka kisu chembamba ubavuni, ubandue tabaka kwa tabaka; ukitumia nyundo utakunywa vumbi. Maji yawe yamechemka hasa, na mmimino wa kwanza umwage baada ya sekunde chache.

Hapo ndipo watu wa nyumbani watauliza harufu ya ghala lililovuja inatoka wapi. Waeleze, taratibu na bila kuruka kitu, kwamba miaka ya 1970 viwanda vya Yunnan vilianza kurundika majani, kuyalowesha na kuyafunika yachachuke kwa wiki kadhaa, ili mnywaji asingoje miaka na miaka yakomae yenyewe. Maelezo hayataondoa harufu, ila yatawaondoa wasikilizaji. Utabaki na buli peke yako, na chai nyeusi, laini, yenye utamu ambao sukari ingeuharibu.

Ukishazoea udongo, hamia kwenye kuvu. Tofali la fu, linalotengenezwa Hunan na Shaanxi, ukilivunja utaona vitone vya manjano ndani, navyo huitwa maua ya dhahabu. Vikijaa, bei hupanda. Kwa hiyo asubuhi utatupa boflo lililoota ukungu, na jioni utalipa pesa nzuri kwa chai iliyooteshwa kuvu makusudi. (Ya kijivu au nyeusi itupe kweli, hapo sitanii.)

Ukitaka kujionyesha, taja Da Hong Pao ya milima ya Wuyi. Vichaka vyake mama ni sita tu na havivunwi tangu 2006; gramu 20 za mavuno ya mwisho zimewekwa makumbusho ya taifa, Beijing. Akitokea wa kukuuzia majani ya vichaka hivyo kwa bei ya punguzo, msifu kwa ujasiri, kisha ununue ya kawaida.

Lapsang souchong, inayokaushwa kwa moshi wa misonobari huko huko Wuyi, ifungulie mbali na jirani mwenye namba ya zimamoto.

Mwisho kabisa iko chai ya kusini mwa China ambayo viwavi hulishwa majani, na kinachotoka nyuma ndicho hukaushwa na kutiwa maji moto. Hiyo weka akiba ya wageni. Mimina kwanza, maelezo yangoje kikombe cha pili.