Msanii Asibughudhiwe

Msanii wa Bariadi akipanda jukwaani akaimba "zeruzeru" katikati ya kiitikio, kuna watu humwandama, eti neno hilo linawadhalilisha wenye ualbino. Wamwache. Hakukusudia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa juzijuzi tu, mwaka 2010, na kutoka bungeni Dodoma hadi Simiyu ni mbali. Bila shaka ingali njiani. Kinachowahi ni midundo ya Dar es Salaam: wimbo ukitoka usiku, asubuhi bodaboda wa Somanda, Bariadi, wanao wote, hadi kikohozi cha mwimbaji.

Kijana wa watu ana mengi ya kukumbuka. Anajua mtindo wa kunyoa uliotoka wiki hii, anajua bando gani linaisha saa sita usiku, na anajua diwani yupi atajwe ili atunzwe. Kumwongezea na "mwenye ualbino" ni kulundika robota la pamba juu ya baiskeli ya mtoto.

Halafu, Kanda ya Ziwa hii ina nini hata mtu ashtuke kwa neno tu? Ni yale mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi kuanzia 2007, viungo vikatafutiwa wanunuzi, watoto wakapelekwa kuishi Buhangija, Shinyanga, mbali na mama zao. Mambo ya kawaida, ambayo msanii asiyefuatilia habari anaweza kupitiwa.

Kwa hiyo ninyi wenye mtoto mwenye ualbino, siku ya tamasha msinune. Mzibeni masikio, kisha mikono ikipata nafasi mpigieni msanii makofi.