Mwongozo kwa Mwanafunzi Mgeni wa Mwanza Anayetaka Kuona ya Kale Kabla Hajahitimu

Umetoka Kisumu, Bujumbura, Goma au Kampala, umepata chumba Malimbe karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, au unasomea udaktari kule juu Bugando, na sasa simu za nyumbani zimeanza. Binamu yako aliyepata ufadhili wa kwenda Athens ametuma picha akiwa mbele ya nguzo za Parthenon, hekalu lililoanza kujengwa mwaka 447 K.K. Shangazi anauliza: na wewe huko Mwanza umeona nini? Ukimjibu "sato", umeaibisha kanda nzima ya ziwa. Mwongozo huu unakutafutia jibu la kumpa shangazi, na jibu lenyewe ni zito.

Anza na jiwe. Kila mgeni hupiga picha Jiwe la Bismarck, nawe piga yako, moja inatosha. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani na hakuwahi kukanyaga Mwanza. Jiwe limebeba jina lake kwa sababu Wajerumani walitawala hapa. Mawe haya ya matale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukimaliza picha, geuka utazame vilima. Kwenye kimojawapo cha vilima vya eneo hili alisimama John Hanning Speke tarehe 3 Agosti 1858, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wavuvi wa siku ile walikuwa wakiliita Nyanza, na walijua upepo wake, miamba yake na mahali samaki wanapozalia. Mwandike Speke kwenye daftari, lakini waandike na wavuvi.

Sasa kanuni kuu, iandike kwa wino: kwetu ya kale hayakujengwa kwa nguzo za marumaru. Waliotutangulia walijenga kwa miti, nyasi na udongo, wakafua chuma, wakafinyanga vyungu, wakayakabidhi mengine yote kwa midomo ya wazee. Kwa hiyo mara nyingi hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna kibao. Kuna mtu anayejua, na kazi yako ni kumpata na kustahili kuambiwa.

Vifaa vya safari ni hivi. Salamu kwanza. Asubuhi, Usukumani, sema "mwangaluka"; mchana sema "mwadila"; ukisaidiwa sema "wabeja". Kwa mzee, "shikamoo" bado inafungua milango yote kuanzia Sirari hadi Mutukula. Pili, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla ya kupita popote pengine, maana kijana mgeni anayepiga picha mashimo ya watu huleta maswali, na maswali hayo yana haki. Tatu, beba sukari na majani ya chai. Nne, simu ibaki mfukoni mpaka mzee amekuuliza wewe ni mtoto wa nani na umejibu vizuri. Anayetoa simu kabla ya salamu ataonyeshwa jiwe la kwanza lililo karibu, ataambiwa ni la kale, na hatakuwa amedanganywa, maana mawe yote ya hapa ni ya kale.

Safari ya mazoezi ni Bujora. Panda daladala hadi Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, umalizie kwa bodaboda. Jumba la Makumbusho ya Wasukuma lilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeamini kwamba watu wanaweza kusali bila kutupa ngoma zao. Kanisa ni la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na banda la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Omba kuonyeshwa ngoma za watemi, na usiharakishe, kwa sababu kila ngoma ilikuwa na kazi yake na wakati wake wa kupigwa. Ukiweza, nenda mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe inayofuata sikukuu ya Ekaristi. Utakuta vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindana kama vilivyoshindana tangu karne ya 19: kila upande na mganga wake, kila upande ukitafuta kuvuta umati. Chagua upande mapema. Anayekaa katikati hula vumbi la pande zote mbili.

Kwenda kisiwa cha Ukerewe kunahitaji maandalizi ya kusoma. Tafuta kitabu cha Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma miaka mingi katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa hiyo naye aliijua hali ya mwanafunzi aliye mbali na kwao. Alimaliza kuandika riwaya hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuichapisha kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ndani yake kuna kila kitu ambacho hakiwezi kuchimbwa kwa jembe: jinsi mume anavyopigwa faini ya pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mkewe, jinsi tiba za uzazi zinavyotafutwa, jinsi mgeni anavyokaribishwa. Kisome kabla ya kuvuka. Ukishuka bandarini Nansio utaanza kuwatambua watu, na mimi sijui kitabu kingine cha mwongozo kinachofanya hivyo.

Kutoka Ukerewe watu huendelea hadi kisiwa cha Ukara kuona jiwe linalocheza, pale Bukiko. Jiwe hilo lina heshima na matambiko yake, na lina wenyewe. Usilipande kwa kuwa umelisikia redioni. Ukishaliona, tazama na mashamba. Wakara walishajaza kisiwa chao kidogo watu wengi kabla ya ukoloni, na wakajifunza kufuga ng'ombe zizini, kukusanya samadi na kuirudisha shambani msimu baada ya msimu ili ardhi isichoke. Kwangu mimi mashamba hayo ni ya kuhifadhiwa sawa na jiwe, na ningependa kuona siku moja yamewekewa kibao chake.

Hapa nasimama kwa jambo moja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia. Kwa hiyo ukifika gatini ukaona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, rudi, kula chapati, subiri kingine. Hakuna jiwe linaloondoka.

Sasa tufike mahali ambapo shangazi atanyamaza: Katuruka, upande wa Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Unaweza kwenda kwa MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Huondoka jioni na kukushusha Bukoba asubuhi. Au panda basi kituo cha Nyegezi ukavuke Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Wazazi wetu walisubiri kivuko pale kwa saa nyingi. Wewe utapita kabla hujamaliza mahindi ya kuchoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Buhaya, nchi hii ya Wahaya, mwanafunzi mmoja wa uzamivu kutoka Marekani, Peter Schmidt. Alikuwa mgeni, alikuwa na daftari, na pengine naye aliulizwa na ndugu zake huko kuna nini. Alifanya jambo ambalo wasomi wengi wa wakati ule waliliona la kupoteza muda: alikaa na wazee akasikiliza. Wazee walimsimulia habari za Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe, aliyeamuru wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Walimwonyesha na mahali, chini ya mti mkubwa uliotunzwa Katuruka. Msomi mwingine angeandika "hekaya" na kwenda zake kulala. Schmidt akachimba pale alipoonyeshwa. Chini ya mti ulitoka ushahidi wa wafua chuma wa kale: mabaki ya tanuri, taka za chuma, vigae vya vyungu vya kale vya aina iitwayo Urewe, vyenye kibonyo kitakoni, na makaa ambayo yalipopimwa baadhi yalitoa tarehe za karibu mwaka 500 K.K.

Rudia hesabu hiyo ukiwa kwenye simu. Enzi ambazo Waathene walikuwa wakichonga marumaru, karibu na Bukoba watu walikuwa wakiyeyusha mawe na kutoa chuma. Utawala wa Rugomora Mahe ulikuja miaka zaidi ya 2,000 baadaye, lakini masimulizi yaliyomzunguka yalikuwa yameshika mahali penyewe na kazi yenyewe bila kupaachia. Mimi nikisoma hilo huwa natamani kila mwanafunzi wa historia Afrika Mashariki apelekwe Katuruka kabla hajafundishwa neno "ushahidi".

Mwaka 1976 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe tena chuma, kazi ambayo haikufanywa kwa miongo mingi kwa sababu majembe ya dukani yalikuwa yameiua. Wazee walijaribu, wakashindwa, wakakumbushana, wakajaribu tena, wakafaulu. Shimo lilipakwa udongo wa kichuguu. Matete ya kinamasi yalichomwa humo hadi yakawa mkaa. Mifereji ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kugusa madini. Walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978, wakidai kwamba hewa hiyo moto ilikuwa ufundi wa hali ya juu. Wataalamu wengine wamebisha kuhusu kiasi cha joto kilichoongezeka, na mabishano hayo ni mazuri kuyasoma ukiwa na mtihani wa fizikia. Filamu ya kazi hiyo, The Tree of Iron, ilitoka mwaka 1988. Itafute uitazame na wenzako bwenini kabla ya kusafiri, ili ukifika usiulize "mbona hakuna kitu". Kitu kipo chini ya miguu yako, simama vizuri.

Ukikaribishwa ndani ya nyumba ya Kihaya utapewa buni za kutafuna. Zipokee kwa mikono miwili na uzitafune. Mwezi wa Novemba utapewa na senene, panzi wa kuliwa, na hapo mwanafunzi anayekunja uso amejifukuza mwenyewe.

Kisha uliza habari za wazee, na ujiandae kusikia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Ugonjwa ulichukua vijana, ukachukua watu wazima ambao ilikuwa zamu yao kupokea masimulizi kutoka kwa wazazi, na wazee wengi wakafa bila mtu wa kumwachia. Maktaba ikiungua, watu hupiga kelele. Hapa masimulizi yalipotea kaburi kwa kaburi, na nyumba nyingi zilikuwa na msiba wao wa kushughulikia. Baada ya mwaka 2000 wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliamua kukusanya tena walichoweza na kuihifadhi sehemu yao. Ukienda, lipa mchango unaoombwa bila kunung'unika. Fedha ya soda mbili haiwezi kuwa ghali kwa tanuri la kabla ya Kristo.

Kuna safari nyingine, nazitaja haraka. Thimlich Ohinga, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, katika kaunti ya Migori nchini Kenya: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikizidi mita 4, za karne ya 16 hivi, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Beba pasi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bonde la Oldupai, alikookota Mary Leakey fuvu la kale la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, ni ya kwenda kwa kikundi, maana njia ya Serengeti ina viingilio vyake. Changeni mapema, na mweka hazina awe Mkristo au Mwislamu anayeogopa Mungu kweli.

Kuhusu kuokota: acha. Kigae, kipande cha taka ya chuma, hata kijiwe kilichochongwa, viache vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na hata isingekataza, kigae kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtu tena kilitoka tabaka gani na kilikaa na nini. Ukitaka ukumbusho, nunua kahawa ya Bukoba.

La mwisho ni kazi ya nyumbani. Kila alichokuambia mzee, kiandike siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, kijiji, na jina lake ikiwa amekuruhusu. Toa nakala mbili. Moja mrudishie yeye au ofisi ya kijiji, nyingine ipeleke maktaba ya chuo chako. Ukirudi Kisumu, Bujumbura, Goma au Kampala, fanya vivyo hivyo kwa bibi na babu zako, ambao hujawauliza kitu mpaka leo. Mabasi ya Bukoba yanaondoka Nyegezi alfajiri. Kata tiketi wiki hii, wakati wazee bado wapo.