Macho Hayana Pazia

Mpwa wangu anasomea kompyuta, na likizo ya msomi wa mwaka wa mwisho ni mzigo wa ukoo mzima. Safari hii alishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, na kijiti cheusi chenye urefu wa rula, akatuonya nyumba nzima tusije tukakikalia. Kijiti hicho hubandikwa chini ya skrini, kikammulika mtu machoni kwa mwanga wa infraredi asiouona mwenyewe. Kamera hupima mng'ao wake juu ya jicho, na kompyuta ikajua jicho limetua wapi. Kijana alikuwa amesanifu programu ya kutuma pesa kwa wauza samaki, akataka ushahidi kwamba inaeleweka. Basi twende soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Laptopu nilibeba mimi. Ndiyo kazi ya wajomba.

Kwanza jua. Nalo lina infraredi yake, tena ya bure, na pale ziwani linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Mashine ikatangaza kuwa mbele yake hakuna mtu. Tukajibanza chini ya mwavuli wa wakala wa pesa, naye akataka soda. Kisha kitone. Kabla ya kazi mashine hutaka kuzoea macho yako: ufuate kitone kinachohamahama bila kugeuza kichwa. Kamwambie hayo muuza dagaa mwenye wateja! Tukamsalimia mmoja kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, mayu. Kifuate kwa macho tu."

"Nakifuata, baba. Wewe wa gunia! Lipa kwanza ndiyo ushike!"

Kichwa kikaenda, macho yakaenda, kitone kikabaki peke yake. Tukaanza upya. Kijana mmoja wa mkokoteni akapaza sauti kwamba tunachukua nyota za watu, na foleni yetu, ambayo haikuwahi kuwepo, ikazidi kupungua.

Nilimwambia mpwa ashukuru. Zaidi ya karne moja iliyopita Mmarekani Edmund Huey, akichunguza usomaji, aliwavisha watu kikombe cha plasta juu ya jicho, kimeunganishwa na kijiti cha aluminiamu kilichochora mwendo wake. Tungekwenda nacho Mwaloni, tungerudi kwa machela.

Jioni tukafungua picha za matokeo, zenye wekundu palipotazamwa sana. Kitufe cha kijani cha "Endelea", fahari ya kijana, hakikuwa na hata doa. Wekundu wote ulijaa chini kabisa, kwenye herufi za kisisimizi alikoficha makato ili asiharibu urembo. Mama mmoja alitazama makato, akapanda kwenye kiasi, akarudi kwenye makato, kisha macho yakatoka nje ya skrini kabisa.

"Hapa data imepotea," mpwa akalalamika.

"Haijapotea. Imekwenda kuangalia mzigo wake."

Huyo huyo aliulizwa kama alikiona kitufe, akajibu kwa upole: "Nimekiona, mwanangu, kizuri." Hakukiona. Alimwonea huruma mtoto wa watu, na hapo ndipo kijiti kile kinapomshinda muulizaji mwenye karatasi: ulimi una adabu zake, macho hayana. Ila sababu hakisemi. Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti, alimwonyesha mtu mchoro mmoja kwa maswali tofauti: akiulizwa umri wa watu waliochorwa, macho yalikwenda kwenye nyuso, akiulizwa utajiri wao, yalikimbilia nguo na samani. Jicho hutumwa na swali. Na tangu tozo ya miamala ya Julai 2021, swali la Mtanzania mwenye simu ni moja: wanakata ngapi? Anayetuma bila kulitafuta jibu ama ni tajiri, ama simu si yake.

Mpwa amepandisha makato juu, kwa herufi nene, amenuna lakini amepandisha. Nanyi mnaotusanifia skrini za benki na simu, fanyeni hivyo hivyo, tena kwa herufi atakazosoma hata aliyesahau miwani nyumbani. Kitufe tutakitafuta wenyewe.