Mgeni Aliyedai Jembe Siku ya Kwanza

Safari ya kujitolea ni utaratibu ambao kundi la wanafunzi, aghalabu kutoka Ulaya au Marekani, husafiri na walimu wao hadi nchi ya mbali, hufanya kazi ya hisani kijijini kwa siku chache, kisha hujipongeza kwa kwenda kutazama wanyamapori. Utaratibu huu umezoeleka zaidi kaskazini mwa Tanzania, lakini ukipandishwa hadi nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hukutana na mambo matatu yasiyoandikwa katika vipeperushi vya safari, yaani baridi, majira ya kilimo na adabu ya wenyeji.

Shule za Uingereza hufunga mwaka wa masomo mwezi Julai, na kwa kuwa Afrika husadikiwa huko kuwa ni joto tupu, mtoto hufungashiwa kaptura na mafuta ya kukinga jua, akateremshwa Sumbawanga, mji ulioko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katika majira yale yale ambayo wenyeji hawatoki alfajiri bila koti. Dawa ya baridi hiyo hupatikana sokoni kwenye marundo ya mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa, ambazo nyingi hutolewa Ulaya kama sadaka kabla hazijageuka bidhaa, kwa hiyo si ajabu mgeni akajichagulia sweta lenye nembo ya shule jirani na kwao, akaomba apunguziwe bei, na hivyo akafanikiwa kujipelekea msaada yeye mwenyewe.

Kuhusu kazi, wahenga walikwisha kupanga ratiba waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mgeni wa kujitolea huivuruga kwa kudai jembe kabla hajamaliza chai, tena katika mwezi ambao jembe lenyewe limepumzika, kwa maana mvua za Ufipa huanza Novemba na kukoma karibu na Mei, na matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze na kurutubisha udongo, huinuliwa wakati ardhi ingali na unyevu. Julai ni mwezi wa kuvuna na kupukuchua mahindi, kazi inayochubua vidole na isiyopendeza sana pichani, na ndiyo maana wageni wengi huishia kukabidhiwa mwiko wa kujengea na rundo la matofali ya kuchoma.

Hapo ndipo adabu inapoingia. Mwandishi Mmarekani Pippa Biddle alieleza mwaka 2014 jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyojenga maktaba nchini Tanzania, ilhali kila usiku mafundi wenyeji waliyabomoa matofali yaliyolazwa vibaya na kuyapanga upya, ili asubuhi wageni wasigundue kitu. Msomaji wa Ulaya huona hapo kasoro ya mradi, lakini msomaji wa Ufipa huona ukarimu wa kawaida, kwani kumwambia mgeni kwamba ukuta wake umelala ni utovu wa heshima, na timazi, ile kamba yenye uzito inayopima wima wa ukuta, huweza kusema ukweli huo gizani pasipo kumwaibisha mtu.

Baada ya ujenzi huja Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, ambako wakati wa kiangazi viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi yaliyosalia ya Mto Katuma. Kundi ambalo sasa limejifunza kuvaa masweta huteremka nayo hadi kwenye joto, na likiyavua hubaki na fulana za sare za buluu iliyokolea. Buluu na nyeusi ndizo rangi zinazowavutia mbung'o, wale nzi wanaofyonza damu ambao wengi huwaita ndorobo, hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na kwa hiyo gari zima hugeuka mtego usio na sumu. Vioo vikifungwa, abiria huiva, vikifunguliwa, huliwa, na kiboko, aliyefuatwa kutoka bara jingine, hupigwa picha moja iliyotikisika.

Mwishoni mwa safari kila mwanafunzi hupewa cheti cha kujitolea, ambacho humfaa anapoomba nafasi chuoni. Lakini kama kujitolea ni kumfanyia mtu mwingine kazi bila malipo wala kujitangaza, basi haki ingetaka cheti cha kwanza kiandikwe jina la fundi wa zamu ya usiku, cha pili la mama aliyewasongea ugali wageni thelathini, na wanafunzi wapewe risiti ya sweta.