Shuka Garini: Njia Sita za Miguu za Katanga, Kuanzia ya Sita Hadi ya Kwanza

Mtajie mtu Katanga, atakujibu shaba na kobalti kabla hujavuta pumzi. Vyote viko chini ya ardhi. Orodha hii ni ya walio tayari kupanda, kushuka na kulowa kwa ajili ya kilicho juu yake. Ubishi juu ya mpangilio unaruhusiwa, hasa kwa watu wa Likasi, ambao najua tayari wanataka Lofoi iwe ya kwanza. Kaeni kwanza, zamu yenu inakuja.

6. Miombo ya Lubumbashi

Anza karibu na nyumbani. Mikembo, hifadhi ndogo ya binafsi kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, bado ina miombo iliyosimama, wakati sehemu kubwa ya msitu unaouzunguka mji imekwisha kuchomwa makala. Nenda Agosti au Septemba, majani machanga yanapotoka mekundu kabla tone la mvua halijaanguka. Anayeshikilia kwamba msitu ni rangi ya kijani tu, mlete hapa akanyamaze. Mvua zikianza, rudi kwa ajili ya uyoga, na utembee nyuma ya mama anayeuza uyoga, si mbele yake. Yeye anajua upi unaliwa. Wewe unajua upi unapendeza kwenye picha, na tumbo halili picha.

5. Maporomoko ya Kiubo

Kutoka Lubumbashi hadi Mitwaba ni zaidi ya kilomita 400, na kila moja mgongo wako utaihesabu. Njiani simama Kiubo, mahali mto Lufira unapojirusha kiasi cha mita 60. Njia ni fupi, ya kunyoosha miguu. Utalowa. Usibishane na Lufira.

4. Bunkeya, mji wa Msiri

Tangu mikoa igawanywe mwaka 2015, Bunkeya iko upande wa Lualaba. Sawa, mipaka tunaiheshimu, lakini Katanga bila Bunkeya haielezeki.

Msomaji wa Tabora na Kahama, sogea karibu, hili linakuhusu. Msiri alitoka kwenu. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyekuja huku akifuata shaba ya Wasanga, na mtoto akaja akabaki, akatawala. Watu wake wakaitwa Wayeke. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 akaifanya Bunkeya njia panda ya bara: shaba, pembe za ndovu na watumwa vikitoka hapa kwenda Benguela upande wa magharibi, na pwani ya Waswahili upande wa mashariki. Simfanyi malaika. Wageni waliofika walikuta mafuvu ya watu yamewekwa juu ya miti ya uzio wake, na waliouzwa walipita njia hizi hizi wakiwa wamefungwa. Ukitembea Bunkeya, watembelee na wao kwa mawazo yako.

Tarehe 14 Desemba 1891 msafara wa Kapteni William Stairs uliingia, umetumwa kwa faida ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Msiri akakataa bendera ya Leopold. Siku sita baadaye, Desemba 20, ofisa wa Kibelgiji, Omer Bodson, akampiga risasi akafa, na Bodson naye akauawa na watu wa Msiri. Wapagazi na askari wa msafara huo wengi walitoka Zanzibar, na walikuja kwa miguu tangu pwani, mizigo kichwani. Anayelalamika baada ya kilomita kumi na awaze hilo kidogo.

Ukifika, nenda kwanza ukasalimie kwa mwami. Kamera baadaye.

3. Lofoi, ndani ya Kundelungu

Haya, watu wa Likasi, simameni mpige makofi. Hifadhi ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, na fahari yake ni maji ya Lofoi yanayoanguka mita 347 bila kituo. Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, inayojaza ndege za watalii kila mwaka, ina mita 108. Hesabu fanyeni wenyewe.

Unaweza kuyatazama kutoka ukingoni, juu kwenye uwanda, upepo ukikusukuma shati. Au ushuke bondeni, na hapo magoti yako yatakuuliza maswali wakati wa kurudi. Mimi nasema shuka: kutoka chini ndipo ukubwa wa ule ukuta wa mwamba unapokuingia mwilini. Kwa nini basi nafasi ya tatu? Kwa sababu mwisho wa kiangazi maji hukonda yakawa uzi wa kushonea, na mgeni aliyesafiri mwendo wote huo hubaki ametazama juu akitafuta. Nenda Mei au Juni, mvua zikiwa zimetoka tu kuisha, na kesi yenu itasikilizwa upya.

2. Maziwa ya Upemba na Kisale

Hapa ni tambarare, kwa hiyo mpanda milima apumzishe kiburi chake. Utatembea ufukweni, utaingia mtumbwini, utatembea tena, katikati ya mafunjo na harufu ya samaki wanaokaushwa.

Sanga, kando ya Kisale, ndiyo sababu ya kuja. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya watu walioishi hapa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Misalaba ya namna hiyo ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Atakayekuambia kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na Wazungu, mpakie mtumbwini umlete Sanga.

1. Kibara: kutoka Mitwaba kuelekea Lusinga

Nambari moja, na sitikisiki. Milima ya Kibara ina miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na wanajiolojia wameupa jina lake ukanda wa miamba unaofika hadi Burundi, Rwanda na Uganda. Mkazi wa Bujumbura, kwa hiyo, anakanyaga Kibara bila kujua. Kasiteriti inayochimbwa Mitwaba imetoka humo humo.

Juu kabisa msitu unakuacha. Unabaki na nyasi, anga, na baridi ya Juni ambayo mtu wa Lubumbashi haamini mpaka imshike masikio. Hii ni Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa tarehe 15 Mei 1939, na kituo chake kikuu kiko Lusinga. Pundamilia wa mwisho wanaoishi porini katika Kongo nzima wako hapa.

Uzuri huu umelipiwa. Wakati wa vita vya Mai-Mai, Manono, Mitwaba na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo, na maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao kwa miguu. Mwaka 2006 kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba penyewe, lakini vita havikuishia hapo: Desemba 2012 mhifadhi mkuu wa Upemba, Atamato Madrandele, aliuawa kazini. Tangu 2017 taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, inaiendesha hifadhi pamoja na shirika la Forgotten Parks. Ulizia hali ya usalama kwao kabla ya kuwasha gari, na wakikuambia subiri, subiri. Ujasiri wa mgeni humwangukia mlinzi wa hifadhi.

Wakikuruhusu, mwongoza njia wako awe mtu wa Mitwaba, wala usimlete wa kutoka mjini. Mpe ujira kamili, bila kumpunguzia. Bukari kuleni Mitwaba, asali nunueni kijijini mnakopita, sweta bebeni wenyewe. Na pundamilia wakiinua vichwa, kaeni chini pale pale mlipo. Wamebaki wachache, wasitumie nguvu zao kuwakimbia ninyi.