Hongera kwa Jioni ya Mashairi

Nawapongeza waandalizi wa jioni ya mashairi katika chuo kimoja hapa Rabai. Hotuba za waheshimiwa zilichukua saa tatu tu, na kila mshairi akapewa dakika mbili: zinatosha kabisa ubeti mmoja na kukohoa. Haraka ya nini? Mmisionari Krapf alifungua misheni hapa mwaka 1846, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882, mwenyewe keshazikwa. Washairi nao wasubiri. Mzee mwenye utenzi aliitwa viti vya plastiki vikipakiwa kwenye pikapu. Alighani vizuri, nadhani; kipaza sauti kilikuwa kimeondoka na mheshimiwa. Ushauri wangu: mwakani washairi wasialikwe kabisa. Wanachelewesha soda.